Kiwanja cha Gofu cha Hatua Nne kwa Mbili

Nilipohamishiwa Ngara nilifika na sanduku la vitabu, godoro, shahada ya kilimo na fimbo moja ya gofu. Shahada haikumshangaza mtu. Fimbo ndiyo iliyozua maswali. Kule Biharamulo, ambako nilikaa miezi michache kabla, nikizunguka vijiji vya Nyamigogo kuhimiza watu wapande mihogo waliyokuwa wameipanda tangu enzi za babu zao, wenyeji waliamua kwamba ni fimbo ya kuulia nyoka. Sikuwasahihisha. Niliua nayo mmoja, mdogo.

Nilipewa fimbo hiyo na mhadhiri wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Nilikulia jirani na uwanja wa gofu, na utotoni niliwabebea wazungu mifuko yao, kwa hiyo niliujua mchezo ule kama mpishi wa hoteli anavyokijua chakula asichokaribishwa kukila. Mhadhiri alinikabidhi fimbo fupi kuliko zote, ile ya kusukuma mpira taratibu uingie shimoni ukishafika karibu, pamoja na mipira mitatu. Alisema mchezo wote uko hapo, kwenye hatua chache za mwisho. Nilimwamini mara moja, kwa kuwa sikuwa na fimbo nyingine.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na chuoni nilikuwa nimesimama mara mbili kwenye midahalo kulaani starehe za mabwanyenye. Mara zote mbili nilipigiwa makofi. Nalitaja hilo ili ieleweke kwamba nilipoamua kujenga kiwanja cha gofu nyuma ya nyumba ya serikali kijijini Nyamiaga, nilijua ninachokifanya.

Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho kwenye mstari. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye migomba yao na kupangwa kando ya barabara, mlango kwa mlango, na jirani yangu alikuwa mama mmoja mjane aliyeletwa pale na mwanawe wa pekee. Mwanawe nilikuwa sijamwona. Alikuwa mgambo, na vita vya Kagera vilipoanza alichukuliwa pamoja na wenzake kwenye lori, wiki mbili kabla sijafika. Ua wangu na wa yule mama haukuwa na mpaka. Ulikuwa ua mmoja wenye milango miwili ya nyuma, na sehemu pekee iliyokuwa tambarare ilikuwa katikati, karibu kidogo na mlango wake kuliko wangu.

Kwenye karatasi kiwanja kilikuwa na urefu wa hatua kumi na nane. Nilipoanza kulima nikakutana na mwamba upande wa juu, na upande wa chini njia ya mbuzi ambayo mbuzi hawakukubali kuijadili. Kikabaki hatua nne kwa mbili. Nikakiinua kwa udongo wa kichuguu mpaka usawa wa kifundo cha mguu, ili maji ya mvua yasituame, kama kitabu kilivyoelekeza. Nikachimba ukoka bondeni, nikaupanda kipande kwa kipande. Kwa kuwa sikuwa na mtambo wa kushindilia, nilikata gogo la mgomba, zito na la mviringo, nikawa nalibingirisha juu ya tuta, kwenda na kurudi, asubuhi na jioni.

Jirani yangu alinitazama siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alikuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Shamba. Unapanda nini?"

"Ukoka."

"Ukoka." Alilizungusha neno mdomoni kama mtu aliyekuta jiwe kwenye maharage. "Si ndio huu uliotuambia tuung'oe shambani kwa sababu unakula nguvu ya udongo?"

"Ndio huo, mama."

"Na huu wako hauli?"

"Huu ni wa majaribio."

"Sawa. Ukimaliza kuujaribu, uung'oe."

Baadaye tu nilielewa kwamba haikuwa dhihaka. Watu wa kule walifagia ua kila alfajiri mpaka udongo ukawa mgumu na safi kama sakafu. Nyasi zikiota uani, mpita njia hahitaji kuuliza: mwenye nyumba amehama, au amekufa. Mimi nilitoka pwani, ambako pia tunafagia, lakini sikuwahi kuona mtu akiogopa jani. Yule mama aliogopa. Alirudi kesho yake, safari hii bila utani.

"Mwanangu akirudi akakuta nyasi hapa, atasema mama yake amekwisha."

Nilimweleza mmomonyoko wa udongo. Nilimweleza jinsi ua mtupu unavyopoteza rutuba kila mvua inaponyesha, na nadhani nilitaja hata kipimo cha mteremko. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua: bila ugomvi na bila nia ya kubadili chochote. Mwishowe tukapatana. Nyasi zingebaki, lakini yeye angezifagia.

Na alizifagia. Kila alfajiri alianza mlangoni kwake, akaupanda upande mmoja wa tuta, akateremka upande wa pili, akaishia mlangoni kwangu. Ufagio wake wa vijiti uliupangusa umande, ukayasimamisha majani, ukaondoa minyoo na majani makavu. Mimi niliyafuata kwa makasi ya kushonea. Sijui kama alijua, lakini ile ndiyo kazi hasa wanayofanya watunzaji wa viwanja vikubwa alfajiri, kwa mianzi mirefu, na wanalipwa. Baada ya miezi miwili nilikuwa na kipande cha ukoka laini kama sufi. Uchezaji wangu haukubadilika.

Balozi wa nyumba kumi alipita siku moja, akasimama mikono nyuma.

"Na hili tuta, Bwana Shamba?"

"Jaribio la malisho."

"Mbona lina kopo katikati?"

Kopo lilikuwa la maziwa, nililolizamisha ardhini kuwa shimo. "La kupimia mvua," nilisema.

"Basi weka kibao, watu wajue. Maana wanasema unacheza hapa, peke yako, na unajipongeza."

Nikaweka kibao. Nilichukua kijiti kirefu kiasi cha mkono, nikapigilia ufito wa kukingama karibu na ncha ya juu, nikafunga kwenye ufito kipande cha boksi kilichoandikwa kwa rangi JARIBIO LA MALISHO, nikakisimika ndani ya kopo. Nilipotaka kucheza nilikichomoa. Nilipomaliza nilikirudisha. Nilijivunia mpango huo kupita kiasi.

Katika miezi ile kazi yangu nyingine ilikuwa kusoma barua. Ilikuja moja tu. Jirani alinikabidhi ikiwa imefungwa, akakaa kizingitini kwangu na mikono yake mapajani. Mwanawe aliandika kwamba ni mzima, kwamba viatu vinambana, kwamba mama asiuze yule mbuzi mwekundu. Mwishoni alisema vita vikiisha huenda wakapewa ruhusa ya siku chache, kisha kambini tena, na baada ya hapo hajui watapelekwa wapi.

"Siku chache ni ngapi?" aliuliza.

"Hakuandika."

"Soma tena hapo."

Nilisoma tena hapo, siku ile na siku nyingine nyingi. Barua ya pili haikuja. Redio ilisema tumeshinda, watu wakaimba barabarani, na baadhi ya vijana wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wamekonda, wakiwa na redio mpya mabegani. Yeye hakurudi. Jirani hakulalamika. Alifagia tu, na kiangazi kilipoingia akaanza kumwaga maji ya kuoshea vyombo juu ya ukoka wangu. Nilipomshukuru alisema hafanyi kwa ajili yangu. Nyasi zikishakuwepo, afadhali zisionekane kama hazina mtu.

Kwa hiyo kiangazi kile Nyamiaga nzima ilikuwa kahawia isipokuwa hatua zangu nne kwa mbili. Kibao nacho kilikuwa kimekwisha. Boksi lilirojeka mvua za masika, maandishi yakaondoka nalo, na juu ya tuta kikabaki kijiti na ufito wake uliokingama. Nilikuwa na nia ya kuandika kibao kingine. Msomaji ambaye ametulia ameshaona ninachokiona mimi sasa. Wakati ule mimi nilikuwa mtaalamu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi ya shamba la kijiji, ng'ambo ya kilima. Jirani alikwenda. Mimi nilitoa taarifa kwamba nina homa, nikabaki nyuma ya nyumba na fimbo yangu. Jua lilikuwa limeanza kupinda nilipoona kwenye njia ya nyuma mtu aliyevaa sare ya jeshi, na begi begani. Nilifikiri haraka, jambo ambalo halijawahi kunisaidia. Nilirudisha kijiti kwenye kopo, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikasimama nyuma ya pazia. Niliamini kabisa kwamba ametumwa kuchunguza ofisa anayecheza gofu wakati taifa liko vitani. Kwamba vita vilikuwa vimekwisha haikunijia akilini.

Askari alifika uani. Aliutazama mlango wa jirani, ambao ulikuwa umefungwa na kuegemezwa gogo. Akalitazama tuta. Akavua kofia. Alisimama pale muda mrefu, kisha akachuchumaa, akaupapasa ukoka kwa kiganja, polepole, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Naona haya kuandika nilichowaza, lakini ndicho nilichowaza: kwamba anaukagua ukataji, na kwamba hataona kasoro.

Alipoinuka aliangalia dirishani kwangu. Niliachia pazia. Nilipochungulia tena, alikuwa ameondoka kwa njia aliyojia. Nilingoja kidogo, nikatoka, nikapiga mpira mara tano. Mara tatu uliingia.

Jioni jirani alirudi akikimbia. Mama mmoja wa dukani alikuwa amemwambia kwamba mwanawe ameonekana Ngara mjini mchana ule, akishuka kwenye lori, na begi begani. Alioga, akavaa kitenge kilichokaa sandukuni tangu kijana aondoke, akachinja kuku, akapika ndizi. Kisha akakaa kizingitini. Giza lilipoingia alikuwa bado pale. Alfajiri nilisikia ufagio, mapema kuliko kawaida, na baada ya saa moja nikausikia tena. Siku hiyo aliufagia ua mara mbili. Chakula alikipasha moto asubuhi, akakipasha moto mchana.

Nilijua tangu asubuhi. Sihitaji kujitetea kwamba sikuunganisha mambo. Mtu mwenye shahada anaweza kuunganisha begi na begi. Lakini nikisema nilimwona, ningelazimika kusema nilikuwa wapi. Nilikaa na hilo mchana kutwa, nikisoma ukurasa mmoja wa kitabu kuhusu minyoo ya migomba, na jioni nilivuka ua.

"Mama, jana alikuja askari hapa nyuma."

Hakushtuka. Alinyamazisha mikono tu. "Saa ngapi?"

"Mchana. Ulikuwa shambani."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Nilikuwa ndani."

"Ndani na mlango umefungwa?"

"Nilijificha."

"Unamficha nani uso? Mwanangu?"

"Sikujua ni mwanao, mama."

"Alisimama wapi?"

Nilimwonyesha. Aliangalia nilipoonyesha. Akaliona tuta, urefu wake na upana wake, majani yaliyokatwa na kumwagiliwa, kijiti kilichosimama na ufito wake, kisha akageuka akautazama mlango wake mwenyewe. Akakaa chini, palepale kwenye udongo aliokuwa ameufagia.

"Amenizika," alisema. "Mwanangu amekuja akanizika, na wewe uko dirishani."

Nilichuchumaa kando yake.

"Atakuwa Bugarama," alisema baadaye, kama anayeongea na mtu mwingine. "Kwa mdogo wangu. Ataenda kumuuliza nilikufaje. Na ruhusa yake ni siku chache. Akitoka kule anarudi kambini. Huku atakuja kumtafuta nani?"

Nilisema nitaondoka alfajiri kwa baiskeli, nimwambie.

"Wakuamini kwa lipi? Wewe ndiye uliyenichimbia. Utanipakia."

Baiskeli ya idara ilikuwa na breki moja na keria iliyolegea. Tuliondoka kabla jua halijatoka, mama amekaa upande nyuma yangu, ameshika shati langu kwa mkono mmoja na kikapu cha kuku kwa mwingine. Nchi ile ni vilima vitupu. Tunapanda kwa miguu, tunateremka kwa imani. Kwenye tambarare nilipolegea, alinigonga mgongoni.

"Kanyaga, Bwana Shamba. Juzi ulikimbilia ndani upesi sana."

Mara moja tu aliuliza kitu kingine. "Alilia?"

"Sikuona."

"Ulikuwa unaangalia nini sasa?"

Tulipofika Bugarama jua lilikuwa juu. Tulijua nyumba kabla ya kuonyeshwa, kwa sababu watu walikuwa wamekaa nje kimya, wanaume upande huu, na ndani wanawake walikuwa wameketi juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, kama inavyofanywa kwenye msiba. Kuku wa huko nao walikuwa wanapikwa. Mama alishuka kwenye keria, akajifunga kitenge vizuri, akapita katikati ya wanaume mpaka mlangoni.

Mzee mmoja aliinuka, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa. Mwanamke mmoja alitupa sahani. Mdogo wake, aliyekuwa na sauti iliyokauka kwa kulia, alimwangalia, akafungua mdomo na kilio hakikutoka. Akamshika uso kwa mikono miwili, akaubonyeza huku na huku kama anayechagua parachichi sokoni.

Kijana alitokea nyuma ya nyumba na kuni mikononi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka kutoka dirishani. Aliziweka kuni chini, moja moja, hakuzidondosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Viatu bado vinakubana?"

"Vilikwisha. Nilipewa vingine."

Hapo ndipo alipolia, yeye, si mama. Mama alimpa kikapu akishike.

Wanaume walikuwa na maswali, na mtu wa kuyajibu nilikuwa mimi. Niliwekwa kwenye kigoda katikati.

"Kwa hiyo ni kaburi la nani?" aliuliza yule mzee.

"Si kaburi, mzee. Ni kiwanja."

"Cha nini?"

"Cha mchezo. Una kipira kidogo, unakisukuma kwa fimbo kiingie kwenye shimo."

"Kikishaingia?"

"Unakitoa."

"Unakitoa unakipeleka wapi?"

"Unakirudisha ulikokitoa. Unakisukuma tena."

Mzee aliwageukia wenzake akawaeleza kwa Kihangaza, na maelezo yake yalikuwa mafupi kuliko yangu. Hakuna aliyecheka, jambo lililoniumiza zaidi.

"Unacheza na nani?"

"Peke yangu."

"Na unashindwa?"

"Mara nyingi."

"Pole," alisema, na alimaanisha.

Kijana alikuwa amesimama nyuma ya kigoda changu wakati wote huo. Alisubiri wamalize, akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa ripoti.

"Ule mlango ulivyofungwa, sikuamini. Lile tuta, sikuamini vizuri. Nilitaka kuuliza. Nikaona pazia lako linasogea, halafu linafungwa. Nikasema, hata jirani hana moyo wa kuniambia. Ndipo nikaamini."

Nilisema, "Nilidhani umekuja kunikagua."

"Mimi?" alisema. "Kwa sababu ya kipira?"

Walichokuwa wamepikia msiba kililiwa hata hivyo, na nilipewa sehemu yangu. Tulirudi Nyamiaga kesho yake. Kijana aliendesha baiskeli akiwa amempakia mama; mimi nilitembea, na hakuna aliyeona kwamba mpango huo unahitaji kujadiliwa. Alikuwa amebakiwa na siku mbili.

Moja ya hizo aliianza kwa jembe. Nilisikia mapigo nikiwa kitandani, nikatoka na jembe langu, tukalisambaza lile tuta pamoja. Kazi iliyonichukua miezi iliisha kabla jua halijawa kali. Ukoka tuliwatupia mbuzi. Mama alikuja nyuma yetu na ufagio, akafagia mpaka hapakuwa na alama, akafika kwenye kopo la maziwa lililobaki ardhini, akasimama.

"Hili nalo nilitoe?" nilimuuliza.

Aliligonga kwa ufagio. "Shimo liache," alisema. "Kijiti, hapana."

Kijana aliondoka na lori la kesho yake, na mwaka uliofuata alirudi tena, safari hiyo kwa njia ya mbele, akipiga hodi kutoka mbali. Mimi niliendelea kucheza jioni juu ya udongo uliofagiliwa, ambao, ilibidi nikubali, mpira hukimbia juu yake vizuri kuliko juu ya ukoka. Mama alikaa kizingitini akichambua maharage. Hakuwahi kuuliza kama mpira umeingia. Lakini kila mtu alipotokea kwenye njia ya nyuma, awe mwalimu, awe muuza samaki, awe mbuzi na mwenye mbuzi, aliinua kichwa na kuniita kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Bwana Shamba! Kuna mtu. Toka!"

Nami nilitoka, hata nilipokuwa tayari niko nje.